Mvua Yasimamishwa Kazi

Ofisi ya Majira ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Mvua imesimamishwa kazi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikao, kwa hiyo nawahakikishia: taratibu zote zilifuatwa.

Makosa yake yako wazi. Zamani ilikuja kwa wakati wake, mtu unapanda, unavuna, unalala usingizi. Miaka hii inakuja ikijisikia, inadondosha matone mawili matatu, kisha inatokomea kama mgeni aliyeona hakuna chai. Tuliipa onyo. Haikujibu, hata salamu.

Mkuu wetu, mtu wa vitendo, akatoa agizo: Mvua iripoti Jumatatu, na wakulima wote wapande Jumatatu. Wakapanda. Jua likawaka, mbegu zikakaangika ardhini. Aliyekaidi ni mmoja tu, Mama Maharage, mjane asiyepepesa maneno. Alikuwa amebakiwa na ndoo moja ya mbegu.

"Nipande kwenye vumbi?" alisema. "Hizi ndizo za mwisho. Zikiungua, wanangu watakula hotuba?"

Kwa utovu huo wa nidhamu, ndoo ikakamatwa na kuwekwa ofisini kwa Mkuu kama kielelezo. Mama alilia, sikatai. Hata mimi nililia kidogo, kwa niaba ya ofisi.

Siku ya kikao, hapo hapo ofisini kwa Mkuu, mshtakiwa hakutokea. Tukaisimamisha Mvua kwa kauli moja, tukapiga makofi. Makofi hayajaisha, bati la paa nalo likaanza kupiga yake.

"Nini hicho?" akauliza Mkuu.

"Upepo wenye unyevunyevu, mheshimiwa," nikajibu, maana aliyesimamishwa haruhusiwi kuonekana eneo la kazi.

Upepo wenye unyevunyevu ukaingia mlangoni, ukabeba viti vya wajumbe, na wajumbe wakatoka mbio kuvifuata. Mkuu akapanda juu ya ile ndoo ya kielelezo na kutangaza kwamba hali ni shwari na kavu. Mimi nikapanda mezani, ili nimsikie vizuri.

Mara akaingia Mama Maharage, gauni kalikunja, maji yako magotini.

"Nimefuata mbegu zangu. Shamba langu kule mlimani limelowa vizuri, nataka nipande leo leo."

"Halijalowa, mama. Mvua imesimamishwa."

"Haya, baba. Kama ni pakavu, shuka."

Mkuu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akikataa, atakuwa amekiri kuna maji. Akashuka. Maji yasiyokuwepo yakamjaa viatuni, yakampanda suruali, yakaondoka na faili la Mvua. Mama akafungua mfuniko, akachungulia, akacheka kwa sauti: mbegu kavu kabisa. Akaufunga, akajitwika ndoo yake.

"Mama, samahani," Mkuu akaita, sauti imekuwa ndogo. "Naomba univushe."

Mama Maharage akageuka pale mlangoni.

"Uvuke nini, mheshimiwa?"