Kimya cha Sekunde Kumi na Moja Kilichotokea Kaole

Masoud Ausi,
Fundi Simu,
Magomeni, Bagamoyo.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu za Intaneti ya Nenakote,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KIMYA AMBACHO HAKIJAPATA MWENYEWE

Kwa heshima na taadhima, nikiwa na akili zangu timamu, natoa taarifa kwamba Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ukumbini kwetu Kaole, kulitokea kimya. Kimya hicho kilidumu sekunde kumi na moja. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, ambayo betri yake niliibadilisha mwenyewe mwezi uliopita, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.

Najua huko kwenu kimya hupita kila siku na hakuna anayekiandikia barua. Hiki chetu kina uzito kwa sababu ya mahali kilipoangukia. Kilianguka mara tu baada ya mpwa wangu Maulida kuulizwa na baba yake kama anaridhia kuolewa na Mikdad. Na kwetu pwani mwari akiulizwa hivyo akanyamaza, basi amekubali. Hilo lilikuwapo kabla ya minara yenu. Shida ni kwamba mpaka leo haijulikani aliyenyamaza ni Maulida au ni ninyi.

Ndoa imepangwa Ijumaa. Naomba unisome taratibu.

Maulida ni muuguzi kwenye zahanati moja huko upande wa Mkange, na mvua za masika zimeikata njia. Baba yake, shemeji yangu Abdulwahab, anatengeneza viyoyozi Muscat. Wazee wa pande zote mbili wako Kaole. Posa moja, sehemu tatu. Wazee walishaamua kusubiri kiangazi, ndipo mimi, nikiwa wakala wenu hapa Bagamoyo, niliposimama barazani na kipeperushi chenu mkononi nikawapa hoja.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya kiufundi. Niliwaeleza kwamba simu ya intaneti huikata sauti ya mtu vipande vidogo vidogo, kila kipande kikaandikwa namba na anwani, kisha kila kimoja kikashika njia yake, na vikifika vinapangwa upya kabla sikio halijashtuka. Mzee Abdala, ambaye ni babu yake Mikdad, akauliza, "Na kimoja kikipotea?" Nikamjibu kama kipeperushi kinavyojibu, kwamba sikio haligundui. Akauliza, "Sikio la nani?" Nikaenda kwenye hoja ya pili.

Hoja ya pili ilikuwa ya kibiashara. Laini moja inabeba watu wengi kwa wakati mmoja, hakuna nauli ya watu tisa kwenda Mkange na kurudi, na namba inakufuata uliko. Nikawapa mfano wa Bi. Gertruda mwenye nyumba ya wageni hapa mjini, ambaye hupokea simu za wageni wake akiwa shambani Miono anapalilia mahindi, na wao wakadhani yuko mapokezi na feni inampepea. Wazee waliridhika. Bi. Gertruda wanamheshimu sana.

Aliyepinga ni mmoja tu, Shangazi Mwaija, dada yake Abdulwahab. Alisema, "Mwari anaulizwa na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja, anamtazama usoni." Yeye hutumia simu ya kitochi iliyofungwa kwa mpira, anaichaji kila Ijumaa. Nilimwona amepitwa na wakati, nikamwambia hivyo, kwa adabu. Sasa naja kwenye malalamiko.

1. Kuhusu kuchelewa. Maulida alipoingia hewani aliwaamkia wazee mmoja baada ya mwingine, kama alivyolelewa. Lakini sauti yake ilikuwa ikifika imechelewa, hivyo shikamoo ya Mzee Abdala ikaitikiwa na mkewe Bi. Ashura, ya Bi. Ashura ikaitikiwa na Shangazi Mwaija, na ya Shangazi Mwaija ikaja wakati kila mtu ameshanyamaza, akaipokea peke yake kama mtu aliyeachiwa sahani ya mwisho. Hilo nalisamehe. Nimeliandika ili ujue kwamba mtandao wenu haukuwa na usingizi mzuri tangu mwanzo.

2. Kuhusu kimya chenyewe. Kimya chenu hakina alama. Simu ya zamani ikikatika ilikuwa inalia tuu-tuu-tuu, na kila mtu ndani ya nyumba alijua kwamba aliyekatika ni waya. Ya kwenu sauti ikipotea inaacha utulivu safi kabisa, ambao kipeperushi kinausifia. Mimi ni fundi mwaka wa kumi na nne huu, na nakiri siwezi kutofautisha kimya cha haya na kimya cha mnara. Nimefanya majaribio. Nilimwomba Mwalimu Tarcis, jirani yangu wa duka la vitabu, anipigie kwa simu yenu akiwa nyumbani kwake na anyamaze mara kumi, tano kwa kuzima data na tano kwa hiari yake. Nilipatia nne. Tarcis akasema mkewe Vicky angepatia zote kumi, tena bila simu.

3. Kuhusu kinanda. Kwa kuwa Abdulwahab ndiye walii wa kumwozesha binti, nilimpa yeye uenyekiti wa simu ile. Na kwa kuwa mimi ni wakala, niliwaunganisha kwa Kifurushi cha Ofisi, ambacho ni bora kuliko cha Nyumbani. Basi, shemeji akauliza swali lake vizuri, akataja jina la Mikdad na la baba yake na mahari, akasema, "Mwanangu, umeridhia?" Ukaja ule kimya. Sekunde ya kumi na moja tajiri wake wa Muscat akampigia kuhusu kiyoyozi cha mtu, shemeji akabonyeza alichobonyeza, na sote Kaole tukawekwa kwenye kusubiri. Spika ikaanza kupiga kinanda. Wanawake wa upande wa bwana harusi, waliokuwa ua wa nyuma wamekaza masikio, waliposikia muziki wakapiga vigelegele. Ndugu Meneja, kigelegele kikishatoka hakirudishwi kooni.

4. Kuhusu yule mwanamke. Katikati ya kinanda akatoka mwanamke wenu mwenye sauti ya upole akasema, "Asante kwa kusubiri. Tunathamini uvumilivu wako." Mikdad amemsubiri Maulida miaka mitatu, tangu anasomea uuguzi. Bi. Ashura, ambaye alikaa jirani na spika kwa sababu sikio lake la kushoto limechoka, alijifuta machozi kwa ncha ya khanga akasema, "Mtoto ana adabu huyu. Kaona tulivyongoja." Papo hapo ikasomwa fatiha.

Shangazi Mwaija alisubiri watu waseme amina. Kisha akauliza, "Aliyeitika ni nani?" Akasema, "Kama ni yule wa kinanda, basi Mikdad kachumbia kampuni. Mpelekeeni mahari huko ofisini."

Nimelitafakari jambo hili siku tatu, na nasikitika kukuarifu kwamba kwa hesabu kali Shangazi yuko sahihi. Swali liliulizwa kamili, mbele ya mashahidi, na sauti ya kwanza ya kike iliyofuata ilikuwa yenu, tena yenye shukrani. Kwa hiyo nalazimika kukuuliza: yule mwanamke ni nani? Ana mume? Baba yake yu hai, na kama yu hai ana taarifa? Na kama ni mashine, naomba iandikwe hivyo kwenye karatasi yenye mhuri, kwa sababu Bi. Ashura ameshaanza kumsifia kwa majirani.

5. Kuhusu ushauri wa kumuuliza tena. Najua utaniandikia, "Kwa nini msimuulize tena?" Watu wa mjini mnapenda sana njia za mkato. Shangazi Mwaija anasema mwari akiulizwa mara mbili watu watasema mara ya kwanza alikataa. Mzee Abdala anasema fatiha ikishasomwa, kuuliza tena ni kumvua bwana harusi kanzu hadharani. Abdulwahab anasema yeye ameshauliza, si karani wa sensa. Maulida mwenyewe sijamsumbua, kwa sababu haya ni mambo ya wakubwa, na isitoshe ni ya kiufundi.

6. Kuhusu Mikdad. Huyu anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na kila jioni hunijia dukani miguu ikiwa myeupe mpaka magotini, anakaa kwenye benchi la wateja. "Mjomba, mtandao umesemaje?" Namwambia bado tunasubiri makao makuu. Anatikisa kichwa, anakaa tena kidogo, anaondoka. Kanzu imeshashonwa. Jumatatu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani Maulida mwenyewe anasemaje?" Nikamweleza kwamba hilo ndilo swali ambalo kampuni italijibu. Aliinuka akaondoka, nami nikaendelea na kazi.

Kuhusu mimi mwenyewe sitasema mengi. Juzi mteja aliniletea simu isiyotoa sauti, akaiweka mezani, akasema, "Fundi, hii nimeiuliza jambo ikanyamaza. Sijui nimeshaioa." Waliokuwa dukani walicheka mpaka mmoja akasahau chaji yake. Nimeitunza.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo, na nakusihi usiyaone makubwa.

Kwanza, mtupe cheti. Kieleze kile kimya kilikuwa cha nani. Kama kilikuwa cha mchanganyiko, mtugawie: sekunde ngapi zenu na ngapi za Maulida. Sheikh ataangalia zilizobaki kama zinatosha idhini. Nadhani hata tatu zinatosha kwa binti aliyelelewa vizuri.

Pili, kuanzia sasa mnara wenu ukinyamaza uwe unakohoa. Sihitaji kengele. Kikohozi kidogo cha mtu mzima, kama anayepita nje ya dirisha la wenye nyumba, watu wajue kwamba hapo hakuna aliyekubali chochote.

Tatu, muanzishe Kifurushi cha Posa. Hapa nazungumza kama mtu wa biashara. Kutoka Kaole mpaka Saadani sijui nyumba isiyo na baba, kaka au ami aliye ng'ambo au Dar, na hakuna harusi inayofungwa bila wao kuulizwa. Hilo ni soko, na kaskazini hii yote bado liko wazi. Kifurushi kiwe bila kinanda, bila mwanamke, na simu ya tajiri isiweze kuingia mpaka amina. Niko tayari kukiuza.

Nne, ikiwa cheti kitachelewa, mtume mtu Ijumaa awe shahidi upande wa mtandao. Tutamkalisha na wazee. Akiulizwa, "Je, siku ile mlikuwapo?" ajibu. Akinyamaza tutakuwa tumerudi tulikotoka, kwa hiyo mchague msemaji.

Nakuomba uharakishe. Shangazi Mwaija amesema bila karatasi hamenyi hata kitunguu, na kwetu shangazi akikaa nje ya jiko hakuna ndoa, kuna watu tu waliovaa vizuri. Ametupa mpaka Alhamisi adhuhuri. Mchele umeshachaguliwa, uko kwenye magunia kwa Mzee Abdala, na watu wa Mkange wamesema maji yakipungua watamleta biharusi kwa trekta.

Usinielewe vibaya. Sina ugomvi na simu ya intaneti. Bado naamini, kama nilivyowaambia wazee, kwamba ni nafuu na inawaunganisha walio mbali. Ninachosema ni kwamba mtu akishaunganishwa, anastahili kujua ameunganishwa na nani.

Wasalimie wote hapo ofisini: wahasibu, wapanda minara, mlinzi wa getini, na aliyewachagulia kinanda, maana kwa kweli ni kizuri. Mzee Abdala anakusalimu. Mwalimu Tarcis na Vicky wanakusalimu. Bi. Ashura anamsalimu yule mwanamke na anauliza anatokea ukoo gani. Shangazi Mwaija nilimuuliza kama ana salamu, akasema hana mtu huko.

Wako mwenye kusubiri kwa uvumilivu mnaouthamini,

Masoud Ausi
Fundi simu, na wakala wenu mpaka Alhamisi.

N.B. Nilikuwa naituma barua hii kwa mtandao wenu, bando likaisha. Nikaona nitumie nafasi hiyo kumuuliza Maulida saa ya kwenye simu yake ilisoma ngapi siku ile, ili kumbukumbu ziwe kamili, nikaazima kitochi cha Shangazi Mwaija. Maulida alipokea mlio wa pili. Anasema hakunyamaza. Alisema, "Nimeridhia, Baba," mara mbili, na ya pili kwa nguvu mpaka kina mama waliokuwa kwenye foleni ya chanjo wakampongeza, na amekuwa akijiuliza siku zote hizi kwa nini hakuna aliyempigia kumpa hongera. Maiki yake ilikuwa imezimwa. Asubuhi ile nilimwandikia kwamba akishawaamkia wazee aizime, watoto wa kliniki wasisikike. Kumwambia aiwashe, sikumwambia.