Maandalizi ya Jovitha kwa Muuguzi

Jumatatu, 4 Novemba
Tangazo la jana kanisani: watoto wote wa hapa Nyabiyonza watakaoanza darasa la awali Januari wapelekwe zahanati Alhamisi, wapimwe ukuaji. Wakasisitiza kwamba huu si mtihani. Si mtihani! Mimi Aristides sidanganyiki. Jirani yangu Rwezaura ameshaanza kutamba kwamba Projest wake anahesabu mpaka hamsini. Binti yangu Jovitha, miaka mitano, anahesabu mpaka sita, kisha anaenda kucheza.

Jumanne, 5 Novemba
Bodaboda hadi Kimuli, kwa shemeji Speciose. Mwanawe alipimwa mwezi uliopita. Nimerudi na maswali yote! Rangi tatu, kusimama kwa mguu mmoja, kupanga vibao. Palizi ya migomba itasubiri.

Jumatano, 6 Novemba
Mazoezi tangu asubuhi. Nyekundu, bluu, njano. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Kiburi! Mke wangu Xaveria akasema huenda mtoto hasikii vizuri. Nikamwambia asilete visingizio. Mpango ni huu: nitasimama nyuma ya muuguzi, nitamke majibu kwa midomo tu, bila sauti. Tumeujaribu, Jovitha anayapata yote. Kipaji!

Alhamisi, 7 Novemba
Projest alitangulia. Mguu mmoja, akaangukia beseni. Nilimpa Rwezaura pole mara tatu, kwa sauti.

Kisha Jovitha. Mguu mmoja, safi! Vibao, mnara mzima! Rangi zikaja, nami nachezesha midomo. Ghafla muuguzi Joanitha akageuka, akanikuta nimeachama katikati ya "njano".

"Shikamoo, Baba Jovitha," akasema. "Naomba ukae nje."

Nikachungulia dirishani. Alisimama nyuma ya Jovitha akamwita taratibu. Kimya. Akaita kwa nguvu zaidi. Mtoto anaendelea kupanga vibao.

Baadaye akanieleza kwamba Jovitha husoma midomo ya watu. Kwamba nusura nimpitishe hivyo hivyo mpaka darasani, aambiwe ni mzito. Miezi yote hii nimekuwa nikimgombeza. Nimembeba mgongoni mpaka nyumbani, ingawa ni mkubwa. Xaveria akampokea, akaingia naye ndani. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 11 Novemba
Hospitali. Masikio yote mawili yalikuwa yameziba kwa nta iliyokauka, na la kulia lilikuwa na punje ya haragwe. Haragwe! Daktari akatoa, akasafisha, akatupa dawa ya matone. Tulipotoka nje Jovitha akasimama, akauliza ni nini kinalia. Ndege tu, kwenye mgomba. Xaveria akamjibu.

Jumanne, 19 Novemba
Sasa anasikia kila kitu. Jumapili kanisani aliniomba niimbe kwa sauti ya chini. Benchi zima la nyuma likamuunga mkono.

Leo tumerudi zahanati. Joanitha amefurahi sana. Ijumaa atampima macho, kwa ule ubao wa herufi ulioko ukutani. Akasema, akinitazama mimi peke yangu, kwamba mtoto asifundishwe chochote. Nikamwambia nimeelewa kabisa, na somo limeniingia.

Alipogeuka kuongea na Xaveria nikaupiga ubao picha kwa simu. Jovitha ameshakariri mistari minne. Ijumaa Rwezaura atanitambua!