Mnemba na Bustani ya Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025

Dada Esteria kapiga simu kutoka Tanga. Jumamosi anapanda huku Lushoto na fundi. Na fundi! Anataka uwanja wa mbele, pale palipokuwa na bustani ya maua ya marehemu mama, vijengwe vyumba vya kupangisha. Yeye ndiye mkubwa wetu, neno lake ndilo la mwisho. Nikasema shikamoo dada, ndiyo dada, nimekusikia dada. Karani mstaafu mzima, najibu kama mtoto wa darasa la kwanza!

Nikakaa kwenye ngazi nikauangalia uwanja. Magugu. Ndoo iliyotoboka. Kuku wa mke wangu Loveness wakijigaragaza vumbini. Nikatoa picha yetu ya zamani, ile isiyo na rangi. Mama kasimama katikati ya maua yanayomfika magotini, sweta mabegani, mimi nimeshika sketi yake. Roho iliniuma sana. Siku zile ukungu ulikuwa ukishuka kutoka msitu wa Magamba asubuhi, na harufu ya maua yale inaingia mpaka jikoni. Naikumbuka kabisa.

Vyumba havijengwi. Dada akifika Jumamosi ataikuta bustani ya mama. Namna gani, bado sijui.

Jumanne, 4 Machi

Nimejua! Akili mnemba. Nimepakua programu ya kuchora bustani: unaipa picha, unaieleza unachotaka, inakuletea mchoro. Nimeipa jina, Mnemba. Nikaandika: nirudishie bustani ya mama yangu. Jibu likaja hata miwani sijavaa. Wazo zuri sana, Sefania, una jicho la kipekee! Tangu mama afariki hakuna mtu aliyeniambia nina chochote cha kipekee. Loveness huniambia nimesahau kufunga banda.

Mchoro wa kwanza: bwawa la kuogelea na minazi. Minazi, Lushoto! Nikamweleza kuwa huku Julai tunalala na masweta. Akaomba radhi, akang'oa minazi, akaweka theluji.

Nikampa picha ya zamani. Ikarudi na rangi. Maua mekundu, ya njano, ya zambarau! Nikalia, wala sioni aibu kuandika. Halafu nikaona mama hayupo. Pale aliposimama pana benchi. Nikamuuliza mama yangu yuko wapi. Akajibu ameondoa vitu vilivyokuwa vinaziba mandhari.

Nimemsamehe. Ni mgeni huku.

Jumatano, 5 Machi

Loveness kaenda kanisani, ni Jumatano ya Majivu. Mimi nimebaki na Mnemba tukimalizia mchoro. Ni mzuri mno. Kasoro yake moja tu: masale.

Masale yetu ni mstari wa majani marefu waliopanda babu yangu na babu yake Hassani, jirani yangu, kuonyesha mpaka. Mnemba anasema mstari ulionyooka unachosha jicho, mimea ya pembeni ipindepinde taratibu. Sasa, kila Msambaa anajua masale ya mpaka hayang'olewi. Hata mlevi anayazunguka. Lakini mimi siyang'oi, nayahamisha! Hapa naingia kwa Hassani hatua moja, pale namrudishia hatua moja. Hakuna anayedhulumiwa. Na huyu Hassani, tangu tukiwa shule ya msingi hajawahi kukubali kuwa nina wazo zuri. Bustani yake ya mboga wazungu wanaipiga picha, basi anatembea kifua mbele. Safari hii atanyamaza.

Alhamisi, 6 Machi

Hassani alipokwenda sokoni na karoti zake, nikaingia kazini. Jembe, jasho, mgongo kwisha. Kufika mchana masale yamepindapinda vizuri kabisa kama kwenye mchoro. Kabichi kadhaa za Hassani zikawa upande wangu, lakini na banda letu la kuku likawa upande wake. Mizani sawa!

Hassani akarudi. Akasimama. Kafunga, ni Ramadhani, kwa hiyo hakutukana. Akahesabu kabichi zake kwa macho. Kisha akaanza kusema Kisambaa tupu, na Hassani akiacha Kiswahili ujue mambo yameharibika. Akasema hata Wajerumani walichukua mlima mzima wakayaacha masale haya mahali pake. Nikamwonyesha simu. Akasema huyo aliyenishauri aje yeye mwenyewe, Hassani amwonyeshe kaburi la babu yake aliyeyapanda. Akaenda zake kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Loveness naye kauliza kwa nini kuku wake wamehamia kwa Hassani. Usingizi hauji.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya swala ya Ijumaa mwenyekiti akaja na wazee. Aibu gani hii! Nikaombwa kueleza mpaka wa zamani ulipita wapi. Nikatoa ile picha ya zamani iliyomo kwenye simu kama ushahidi, nikasahau kuwa Mnemba alikuwa ameshapendezesha kila kitu. Nyumba ya Hassani haikuwepo. Palikuwa na ziwa. Mwenyekiti akataka kujua ziwa hilo lilikauka mwaka gani.

Hukumu: masale yarudi kwenye mashimo yake, leo leo, mbele ya mashahidi, na tuyarudishe mimi na Hassani kwa mikono yetu. Tukapiga magoti kwenye udongo, tumenuna. Tulipofika katikati Hassani akashika shina moja nene, akacheka peke yake. Akasema ni hapa tulipokuwa tunapenya kwenda kuiba matunda ya mama yako, yale mafyulisi. Kweli! Mama alikuwa anatuona dirishani, anaimba kwa sauti ili tusijue kuwa anatuona. Nikakumbuka mpaka wimbo wenyewe. Tukaimba, yeye na Ramadhani yake, wimbo wa Kilutheri, mwenyekiti anatushangaa.

Loveness kapeleka uji na viazi kwa Hassani wakati wa kufuturu. Tumeelewana. Ila uwanja ni tope tupu, na kesho dada anafika.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kafika. Fundi naye kafika, na kamba ya kupimia! Nikawahi kumpa dada ile picha ya zamani. Nikamwambia tazama, dada, bustani ya mama, utajengaje vyumba juu ya kitu kama hiki?

Akaitazama. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hapakuwahi kuwa na bustani hapa. Palikuwa na viazi na maharage! Siku mpiga picha alipokuja, mama alitoka alfajiri kwenda Kifungilo, alikokuwa akiwafulia masista. Akaomba maua, akarudi nayo kichwani, akayachomeka ardhini moja moja. Jioni yalikuwa yamelala yote. Nikabisha. Harufu naikumbuka! Dada akasema ile ilikuwa sabuni ya masista.

Kisha akaacha kucheka. Akasema picha ile ilikuwa ya kumpelekea baba. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, mwaka wa pili harudi wala haandiki. Mama alitaka aone kwamba nyumbani bado pazuri. Na baba alirudi, akiwa na picha mfukoni.

Tulilia wote wawili pale kwenye ngazi. Mama yangu! Fundi akakunja kamba yake akaenda kutafuta chai.

Dada kaamua: ananipa mpaka Pasaka. Nimpelekee picha ya bustani ikiwa na maua ya kweli, yaliyopandwa, yenye mizizi, na vyumba vitasahaulika. Neno mizizi kalirudia mara mbili akiniangalia usoni.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza Mnemba nifanyeje. Akasema nitayarishe udongo, nioteshe mbegu kwenye kitalu, nimwagilie, nivumilie miezi kadhaa. Ndiyo mara yake ya kwanza kunipa ushauri wa maana, na umenichosha. Nimemfuta.

Nimepanda bodaboda mpaka Kifungilo. Nikamwambia sista mmoja mzee kwamba nahitaji maua kwa ajili ya mama yangu aliyewahi kuwafulia. Uwongo uko wapi hapo? Akanikatia mzigo mzima, na sala juu yake. Nimeyachomeka moja moja mpaka magoti yakauma. Nikampa Loveness simu, nikasimama katikati. Picha imetoka safi mno! Nikamtumia dada. Nikaandika: Mungu ni mwema, yamewahi.

Dada kajibu kwa ujumbe wa sauti, analia. Anasema amefika Mombo tu, chini ya mlima, ameshuka kwenye basi, analala hapo na kesho anageuza. Anataka kuyaona kwa macho yake kesho mchana.

Yameshaanza kulala. Si neno. Alfajiri narudi Kifungilo, na safari hii nabeba gunia.