Neno "Mtiifu" Limeniponza

Leo nimepatikana, jamani. Mimi, mwalimu mzima, mwenye tai!

Asubuhi nilikuwa Dunga, kwenye darasa langu la ngumbaru. Wanafunzi ni akina mama wanaouza samaki, na neno la leo lilikuwa "mtiifu". Nikalieleza kwa madaha. Mtiifu ni mtu anayesikia na kutenda, bila maswali. Washairi wanalipenda mno: mshairi humwambia mpenzi wake, "Mimi mtiifu wako, niamuru nitende." (Hapo nilifumba macho. Hujipenda sana nikisoma shairi.)

Mama mmoja wa mbele, ambaye darasani tunamwita Mama Omena kwa sababu ya dagaa anaouza, akainua mkono.

"Mwalimu, huyo mtu ya mashairi ameoa?"

"Kwa nini?"

"Nataka kusikia shairi yake ya baada ya kuoa."

Darasa likaangua kicheko. Nikapandwa na hasira. "Mtiifu haulizi! Simama hapo mpaka kipindi kiishe!" Akasimama, mtu mzima vile, nami nikaendelea kufundisha nikijiona bingwa.

Mchana nikabadilisha shati, nikaenda na baba mdogo kumposa Akinyi, msichana niliyempata soko la Kibuye akiuza vitambaa. Kwao sikuwa nimewahi kufika. Nampenda huyu msichana, sifichi, wakinikataa nimekwisha.

Tukaketi na baba yake. Mama yake alibaki jikoni nyuma ya pazia, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Baba mdogo akanisifu: "Kijana yetu ni mpole. Wakubwa anaheshimu sana."

Pazia likakohoa.

"Baba Akinyi, hebu muulize maana ya mtiifu."

Mungu wangu! Sauti ile! Mama Omena!

"Ni... ni mtu anayesikia na kutenda," nikajibu.

"Bila?"

"Bila maswali, Mama."

"Basi asimame."

Nikasimama. Kuku akaletwa. Baba mdogo akala (hata paja langu akala!) mimi nikiwa wima kama mlingoti. Akinyi alipita na maji ya kunawa, akacheka mpaka beseni likamwagika.

Mwishowe pazia likasema, "Huyu kijana anafundishika. Mimi nimekubali."

Nimepata mke! Lakini kesho kuna darasa, na mama mkwe hakosi. Kumtazama usoni siwezi tena, kwa hiyo nitafundisha nikiangalia ubao.

Anayetaka kucheka, asimame kwanza.