Unene Wakomeshwa Kalemie kwa Njia ya Foni

Wananchi wa Kalemie wanatangaziwa kwamba unene umekomeshwa.

Anayetangaza ni mimi, Urbain, mkuu wa itifaki katika biro, yaani ofisi, ya Komanda anayeushika mji kwa askari wake. Ulikuwa mwaka wa vita, treni ya Kabalo haiji tena, na mji mzima unakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Tukaona wakati umewadia wa kuanzisha Huduma Kuu ya Tiba ya Unene kwa Foni, yaani ile redio ya kuitana. Munganga Noëlla, daktari wetu aliyekimbilia Kigoma, angetibu wagonjwa kutoka ng'ambo ya ziwa.

Tukasaka wanene mtaa kwa mtaa. Tukampata mmoja: Komanda mwenyewe.

"Anakula nini?" munganga akauliza hewani.

"Kidogo tu," nikajibu. "Mbuzi."

"Mguu wa mbuzi?"

"Mbuzi."

Foni ikakoroma. "Moyo wake umechoka, Papa Urbain. Nyama asiiguse kabisa. Ale sombe, gari aliache, atembee. Bila hivyo atakufa. Nakuachia."

"Nakuachia" ni kumpa mwingine zamu ya kusema, na foni haina siri. Kila mchuuzi mwenye chombo chake cha foni, kuanzia Moba hadi Uvira, alisikia, na jioni mji mzima ukajua.

Asubuhi Mama Zuhura, mjane wa mtaa wa Kataki, alifika kwenye kizuizi cha askari akivuta mbuzi wake wa pekee. Alikuwa anaenda kumuuza, watoto wapate unga. Askari wakamkamata mbuzi kwa ajili ya Komanda, kama ilivyo desturi.

Mama akang'ang'ania kamba ya mbuzi.

"Hamukusikia munganga? Nyama njo itamuua Komanda! Ninyi munatumwa na nani?"

Askari wakatazamana. Kumuua Komanda ni uhaini. Wakamwachia mbuzi, tena wakamsindikiza mpaka sokoni, asije akaingia jikoni kwa bahati mbaya.

Tangu hapo uzalendo ulipanda mno. Mpishi alikataa kuwasha jiko. Dereva alificha ufunguo. Komanda alipopanda kilima kwa miguu, wanawake walimpigia makofi: "Jikaze, Papa! Bado kidogo!" Nami niliripoti mafanikio.

Siku moja Komanda aliingia biro ameshika kwa mkono suruali iliyompwaya, akaninyang'anya kipaza sauti.

"Munganga, nimepona. Naomba kipaja kimoja tu. Nakuachia."

Munganga hakupata nafasi. "Hapana!" ikasema Moba. "Hapana!" ikasema Uvira.

"Hapana!" ikasema sauti nyingine, karibu sana. Nasikitika kuripoti kwamba ilikuwa yangu.