Rangi ya Kucha Juu ya F1

Siku hiyo Saady Isihaka alikwenda steshenari ya karibu na stendi ya Kasulu kutoa kopi ya cheti cha mtu mwingine, shughuli ambayo haituhusu, na hapo ndipo aliposikia kilio cha walimu.

Mwalimu Nickson wa hesabu na Bi Ghati mhasibu, wote wa Sekondari ya Mlima Heri, walikuwa wanasubiri karatasi zao huku wakisemezana kwa sauti ya msibani. Shule yao, ya binafsi, ilikuwa imeletewa laptop kumi na wafadhili. Laptop nzuri tu, ila ukiziwasha haifunguki ile Windows waliyoizoea. Kinafunguka kitu kinaitwa Linux.

"Nimeitafuta Start nusu saa," Ghati akasema. "Haipo. Wameing'oa."

"Mimi nimeingia mtandaoni nijifunze. Wa kwanza anasema anza hapa, wa pili anasema wa kwanza hajui kitu. Wa tatu ana video ya saa sita, na anaongea kama anakimbizwa."

"Na mtihani ni wiki tatu."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mkurugenzi, mzee Nestori. Alikuwa ametangaza kwamba mfanyakazi atakayezimudu zile mashine kuliko wenzake atakuwa Msimamizi wa Maabara ya Kompyuta: ofisi yake, ufunguo wake, na chaki asiishike tena mpaka anastaafu. Watu tisa walishajiandikisha.

Saady hakuwa na habari ya Linux. Angeulizwa, angesema ni dawa ya kupe. Lakini alijua kwamba watu wanaotafuta mwalimu hawaachwi wakaondoka hivihivi, maana wanaweza kumpata wa kweli.

"Linux ipi hiyo?" akauliza, kama mtu aliyetajiwa jina la shemeji yake. "Ile ya zamani au ya sasa?"

Walimu wakageuka. Hawakujua kama ziko mbili. Saady naye hakujua.

Kabla hatujaendelea, ni haki tuitaje pikipiki. Ilikuwa ya bluu, kiti amekivalisha manyoya ya bandia ya chui, na aliipata baada ya miaka sita ya kuuza viwanja visivyokuwa na mahali na dawa ya mende iliyonenepesha mende. Katika kazi yake Saady alikuwa na kanuni moja tu, tangi lijae. Kigoma alitoka nayo mbio, Uvinza alitoka nayo mbio, Kakonko alitoka nayo hata soksi hajavaa. Mke hakuwa naye, nyumba hakuwa nayo. Pikipiki aliipenda, tusimsingizie, na aliipangusa kwa shati lake la Ijumaa.

Basi, wiki hiyohiyo kila mmoja wa wale tisa alitembelewa peke yake. Nickson alifuatwa kwenye supu, Ghati kwenye foleni ya maji, mwalimu Japhet wa jiografia alifuatwa mpaka kwa kinyozi, shingo imefungwa kitambaa. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Vitini hivi vya kujifunzia Linux haviko sokoni. Nimeamua kumpa mtu mmoja tu pale shuleni, na nimekuona wewe. Wenzako wakijua, nafasi imekwenda. Nusu sasa, nusu ukishafaulu."

Wote tisa walinunua na hakuna aliyemwambia mwenzake. Walikuwa wanakutana mezani asubuhi, wanauliziana, "Vipi Linux?" na kujibizana, "Aa, mimi hata sijaigusa," kila mmoja kakikunja kitini chake ndani ya soksi. Hawa ndio waliokuwa wanawafundisha watoto wa watu uaminifu.

Wa kwanza kununua alikuwa Mwanahawa, katibu muhtasi. Mwanamke mpole wa kwao Busunzu, amepiga chapa pale miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba mashine hizi zikimshinda, aende kwao akapalilie maharage. Saady alimfungulia laptop kwa madaha, na katika kuonyesha madaha hayo kiwiko kikagusa kitufe cha juu, cha F1. Mara likaibuka dirisha jeupe limejaa maandishi ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa.

Kiingereza cha Saady kilianzia kwenye good morning na kuishia kwenye teacher. Akashusha kifuniko.

"Virusi," akasema. "Hicho kitufe ndiko wanakokaa. Una rangi ya kucha, dada?"

Mwanahawa akafungua droo, akampa chupa ndogo ya rangi nyekundu. Saady akaipaka F1 mpaka herufi zikapotea.

"Mie nimepiga chapa miaka ishirini na miwili, Saady," Mwanahawa akasema taratibu. "Sijaona kitufe kilichowekwa bure."

"Hiki kimewekwa na adui. Nikuazime chupa, nikawakinge na wenzako. Nitakurudishia."

Akapita na mashine zote kumi, anapaka kama anatoa chanjo. Jioni hiyo alikuwa anaiogopa F1 yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayesema uongo vizuri, na yeye anakuwemo ukumbini anausikiliza.

Sasa vitini. Sura ya Kwanza ilieleza namna ya kufungua kifuniko. Sura ya Pili, namna ya kukifunga. Kufikia wiki ya pili watu tisa walikuwa wanadai Sura ya Tatu, na Ghati alianza kuuliza mwalimu analala nyumba gani. Ghati ni yule aliyewahi kumfukuza mwizi wa kuku mpaka Heru Juu, akarudi na kuku na viatu vya mwizi. Saady akajaza tangi.

Ndipo ukaingia ujumbe kwenye simu, namba asiyoijua. "Mwakeye, habari za huko. Naitwa Ndayisenga, niko Kibondo. Nasikia unafundisha Linux. Sura ya Tatu hadi ya Saba ninazo, Kiswahili safi, na picha. Nitakuuzia wewe tu."

Masharti yalikuwa mafupi. Hapokei simu. Hela iwekwe kwenye bahasha, apewe kondakta wa basi, ifikishwe duka la kanga la Bi Asia, Kibondo. "Hela ya simu inaacha jina," aliandika Ndayisenga, na Saady akahisi heshima moyoni. Huyu ni mtu wa kazi.

Sura zikaja, na zilikuwa sura kweli. Namna ya kuhifadhi faili, namna ya kuunganisha printa, Start imehamia wapi. Saady alizitoa kopi, akaongeza bei, akagawa. Ghati akaweza kuchapisha orodha ya ada, akacheka peke yake ofisini. Mwalimu Nickson alimwamkia Saady barabarani kwa mikono miwili. Kila hela iliyoingia ilipanda basi la Kibondo kununua sura nyingine, lakini Saady hakuhuzunika, maana nusu tisa za mwisho zilikuwa zinamngoja.

Siku mbili kabla ya mtihani Ndayisenga akaandika: "Imebaki Sura ya Mwisho. Ndani yake mna jibu la swali lolote atakalouliza mkurugenzi. Hela siitaki. Nataka pikipiki."

Saady alikwenda akaikalia pikipiki, akayapapasa yale manyoya kwa muda mrefu. Alipiga hesabu mara tatu. Nusu tisa zingenunua pikipiki mpya na chenji ikabaki. Na wakifeli? Akamkumbuka mwizi wa kuku. Machozi yalimlengalenga, tena ya kweli, ya kwanza bila malipo tangu aanze kazi.

Jumamosi ya mtihani, alfajiri, aliiendesha mpaka Kibondo polepole, kama anampeleka mgonjwa. Bi Asia alipokea ufunguo na kadi, akamkabidhi bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

"Amesema usifungue mpaka Kasulu, mdogo wangu."

"Kwani yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo," akasema Asia, akaanza kukunja kanga.

Saady akapanda basi. Walikuwa wameshaipita Busunzu pikipiki ya bluu ilipolipita basi upande wa kulia, manyoya ya chui yanapepea, na juu yake Bi Asia, kanga kaifunga kiunoni, anakwenda Kasulu kwa mwendo wa mtu anayewahi harusi ya nduguye. Saady akaichana bahasha.

Ilikuwa karatasi moja, imepigwa chapa safi, pambizo zimenyooka, na juu kabisa kulia: Kumb. Na. MH/KM/08. Katibu muhtasi hawezi kuandika hata barua ya mapenzi bila kumbukumbu namba.

"Sura ya Mwisho. Bonyeza F1, kile kitufe ulichokipaka rangi. Ni msaada wa mashine yenyewe, umeandikiwa anayeanza. Sura zote nilizokuuzia nilizitoa humo nikazitia Kiswahili. Zilikuwamo bure tangu siku ya kwanza."

Saady aliisoma mara mbili. Kisha akili ya biashara ikazinduka. Bado nusu saa mtihani uanze, na nusu za mwisho hazijafa. Akawaandikia wale wanane wengine, mmoja mmoja: "Ukikwama, bonyeza kitufe chekundu. Kina kila kitu."

Ghati alijibu upesi: "Mwizi wa simu wewe, nimekushtukia. Mwalimu wangu hawezi kusema hivyo." Nickson naye akaongeza: "Mrudishie Saady simu yake. Mungu anakuona."

Alipofika Mlima Heri walikuwa ndio wanatoka. Mzee Nestori alikuwa ameandika ubaoni kazi kumi ambazo hakuna kitini kilichozitaja, na chini yake: chochote kilichomo ndani ya mashine ni ruksa. Watu wanane walikaa saa nzima mbele ya kitufe chekundu, wanatoka jasho, vidole mbali nacho. Wa tisa alikuwa ameshaifuta rangi kwenye mashine yake kwa dawa ya kufutia kucha tangu siku ilipopakwa, akabonyeza, akasoma, akamaliza zote kumi. Ufunguo wa maabara alikuwa nao mkononi.

Mlangoni wale wanane ndio kwanza walikuwa wanatoa vitini kwenye soksi na kuvilinganisha. Vilifanana mpaka doa la chai. Ghati akainua macho, akamwona Saady getini. Alivua viatu, akavishika mkononi.

Mkono wa Saady ukaenda mfukoni kutafuta ufunguo, kwa mazoea ya kazi yake, ukakuta karatasi na kichupa. Hapo ndipo ikamwingia vizuri kwamba hana pikipiki.

Ikasimama mbele yake. Asia alishashuka, anakula muhindi wa kuchoma kivulini. Mwanahawa alikuwa juu ya manyoya ya chui, helmeti kichwani.

"Panda," akasema. "Nikutupe stendi, basi la Kigoma halijaondoka."

Saady akarukia kiti cha nyuma. "Mungu akubariki, dada. Nauli sina, hela zangu zote unazo wewe."

"Hela sitaki. Nirudishie rangi yangu ya kucha, tutakuwa tumemalizana."

Nyuma yao vishindo vilikuwa vinakaribia, na vya mbele havikuwa na viatu. Saady akaitoa chupa haraka. Mwanahawa akaipokea, akaiinua juani, akaitikisa kwenye sikio. Mashine kumi, kila moja imepakwa mara mbili, haikubaki hata tone.

"Basi shuka," akasema.