Dubwana la Udongo Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika mpaka naona haya kujitazama kwenye kioo. Nawaandikia nikiwa chumbani, nimejifunika shuka gubigubi, na jua la Chamazi bado linawaka.

Nianze asubuhi.

Mnajua ninaandika riwaya (mnajua kwa sababu sinyamazi). Kesho kikundi chetu cha waandishi kinakutana Kinondoni, na kila mtu ameambiwa aje na kitu kilichomzalia hadithi yake. Mmoja analeta ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Mwingine analeta kanga ya marehemu bibi yake. Mie kilichonizalia riwaya ni dubwana la kwenye gemu.

Ndiyo, gemu. Ni mfululizo wa magemu ya Kijapani ya mapanga na uchawi, nimekuwa nikiyacheza kwenye simu tangu sekondari. Humo ndani kuna majoka na majitu yenye pembe, lakini aliyeuteka moyo wangu ni kisanamu kidogo cha udongo. Kitambi mbele, mikono kiunoni, macho ya duara kama maandazi, mdomo hana. Hang'ati wala hapigi. Anacheza ngoma tu, na shujaa akimtazama, nguvu zake zote za uchawi zinamwishia. Jamani, kiumbe anayekushinda kwa kukufedhehesha! Nikaona huyu lazima nimfinyange kwa mikono yangu.

Sasa shikeni na hili, maana ndilo lililotaka kuniua. Jumapili watu wa Nassoro, mchumba wangu, wanaleta posa. Ni familia ya Kiarabu, wana duka la vitambaa Temeke tangu enzi za babu yao. Mama yake, Bi Salma, hana mchezo. Kaka yake Nassoro aliwahi kunyimwa mke kwa sababu binti wa watu alicheka kwa sauti msibani. Mie tangu nimfahamu Bi Salma nacheka kwa pua.

Basi asubuhi nikaenda Temeke kutafuta udongo. Kando ya duka lao anakaa Mama Chiku, anauza ukwaju, tangawizi na vijiti vya udongo wa kutafuna. Nikamwamkia, nikamwambia nataka udongo mwingi, mlaini.

(Wenye akili mmeshaona ninapoelekea. Mie sikuona.)

Mama Chiku akanitazama kuanzia usoni, akashuka, akasimama katikati. Nikadhani anaupenda mkoba wangu.

"Umeanza lini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Mwandishi akiulizwa ameanza lini, duniani hakuna swali jingine. Nikamwambia huu mwezi wa nne. Nikamweleza kwamba asubuhi ndiyo ananisumbua sana, usiku ananiamsha, na siku nyingine chakula hakipiti kwa kumfikiria yeye. Nilikuwa namsema dubwana. Niliona fahari kwamba mama wa sokoni ananielewa kuliko wahariri.

"Nassoro anajua?"

"Bado. Nataka atoke kwanza, ndiyo amwone."

Mama Chiku akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Akanifungia udongo, akatia na ndimu ambazo sikuziomba. Akasema zitanisaidia asubuhi. Nikaondoka nikiwaza kwamba watu wetu wanaijali fasihi, ila sie waandishi ndio hatuwafuati.

Nyumbani, kwa shangazi yangu Mwanaidi aliyenilea, nikaviponda vijiti kwenye kinu, nikavilowanisha, nikafinyanga. Uwani pakanukia mvua ya kwanza. Akatokea mzuri, wallahi! Kitambi kile kile, macho yale yale. Nikamweka kwenye sinia juani akauke.

Baada ya swala ya alasiri, hodi. Bi Salma, na baibui lake la kwenda kwenye mazito. Hajawahi kukanyaga nyumba yetu, na kwa desturi hakupaswa kukanyaga kabla ya posa. Nassoro alikuwa nje kwenye gari, ameamriwa asishuke. Shangazi akamkaribisha chai, akakataa. Maji, akakataa. Nikatoa shikamoo, akaitikia akitazama pazia.

"Zuhura, mwanangu," akasema. "Tumesikia una jambo."

Moyo ukaruka kwa furaha. Nikajua habari za riwaya zimemfikia. Mama mkwe msomaji!

Hapa lazima niseme kitu kuhusu sie watu wa pwani. Adabu yetu ni kutoliita jambo zito kwa jina lake. Tunasema jambo, tunasema hali, tunasema yule. Na mie, juu ya adabu hiyo ya kuzaliwa, nina ugonjwa wangu wa mafumbo. Watu wawili wanaoficha maneno wakikutana, hakuna wa kuwasha taa.

"Nilitaka kuwaambia mwenyewe, mama," nikasema. "Niliogopa hamtalipokea."

Shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye kochi, akateremka taratibu mpaka kwenye jamvi.

"Basi ni kweli," Bi Salma akasema. "Na Nassoro hahusiki?"

"Hahusiki kabisa. Kazi yote nimefanya bila yeye."

Akafumba macho, akasoma kitu kimoyomoyo. Alipofumbua akauliza, kwa upole ambao sasa ndiyo naelewa ulikuwa wa nini: "Katoka wapi, huyu?"

"Japani."

Friji ikasikika ikinguruma.

"Mjapani?" shangazi akauliza kutoka kwenye jamvi.

"Wajapani, shangazi. Ni kundi zima. Mtu mmoja hawezi kazi ile."

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini mwandishi akipata wasikilizaji! Nikawaeleza kwamba hatujawahi kuonana ana kwa ana, ni kwenye simu tu, tangu nikiwa kidato cha pili. Kwamba wapo wengi wenye majoka na mapanga, ila mie nilimpenda huyu kwa kitambi chake. Shangazi akawa anajipepea kwa bahasha ya bili ya umeme. Bi Salma hakupepesa jicho.

"Nimlete mumwone?" nikasema.

"Yuko wapi?"

"Uwani. Nimemwanika kwenye sinia."

Shangazi akapiga ukelele ambao nadhani umefika uwanja wa mpira.

Nilipokuja na sinia nikamkuta jirani mmoja dirishani na mwingine mlangoni, na Nassoro ndani, kiatu kimoja mguuni. Nikaliweka sinia mezani. Wote wakatazama. Dubwana naye akawatazama kwa macho yake ya maandazi.

"Hii nini?" Bi Salma akauliza.

"Si ndiye huyo, mama. Wa kwenye riwaya yangu. Kumbe mmekuja kwa lipi?"

Wakatazamana. Kila mmoja akamwachia mwenzake. Mwisho shangazi akashindwa na adabu.

"Mama Chiku kasema una mimba, wewe!"

Neno hilo lilikuwa halijatajwa siku nzima. Likatua katikati ya sebule kama sufuria. Mie mazungumzo yote yakanirudia kwa mkupuo: mwezi wa nne, asubuhi, ndimu, Wajapani. Kundi zima la Wajapani! Nikatamani zulia linimeze.

Nikaanza kujieleza na maneno yakagoma (mie, ninayejaza kurasa kwa machweo matupu). Nikasema ni gemu. Bi Salma akauliza gemu gani mtu analifinyanga. Nikasema ni adui, anacheza, ukimtazama unaishiwa nguvu. Akauliza anacheza vipi.

Na mie, nikijua posa yangu imening'inia kwa uzi, nikaona njia iliyobaki ni kuonyesha.

Nikacheza. Mbele ya mama mkwe, nikashika kiuno, nikatoa macho, nikaubana mdomo, nikazunguka taratibu kama anavyozunguka yeye, mguu huu, mguu huu. Na kwa kuwa napenda uhalisia, tumbo nikalisukuma mbele kadiri lilivyoweza kwenda.

Nimefika mzunguko wa pili ndipo nikakumbuka tumbo.

Nikasimama hivyo hivyo. Nassoro alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Na niwaambie, lile dubwana halidanganyi: hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusema neno.

Bi Salma akanyoosha mkono kwenye sinia. Mkono mmoja wa dubwana ulikuwa umeachia kwa kukauka vibaya. Akauokota, akaunusa, akautia mdomoni, akatafuna.

"Huko ndani hamna kitu?" akaniuliza, akionyesha kwa kidevu.

"Hamna, mama. Chai na kitumbua."

"Na hilo ligemu, umeanza kidato cha pili?"

"Ndiyo, mama."

Akatafuna, akameza, akamgeukia shangazi kama vile mie sipo. "Afadhali ingekuwa mimba, mkwe mwenzangu. Ile ina miezi tisa, inakwisha."

Nassoro akatoka nje mbio. Shangazi akacheka hadi kilemba kikamvuka, na hapo, naapa, Bi Salma naye akacheka. Kwa sauti. Meno yote.

Akanywa chai sasa. Alipoaga akasema Jumapili watakuja kama ilivyopangwa, kwa sharti moja: siku hiyo mtu akiniuliza lolote, hata jina langu, ajibu shangazi.

Kwa hiyo posa ipo, na kesho naenda Kinondoni na dubwana lenye mkono mmoja. Nyie chekeni, lakini mezeni sauti. Na mkikutana nami njiani msiniulize eti naendeleaje. Niulizeni kitabu kimefika ukurasa wa ngapi, nitawatajia namba, na kila mtu arudi kwake salama.